Dalili ya Mvua ni Mawingu



Wahenga walituachia methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli. Lakini sisi tunaolima katika nchi hii ya Dodoma twajua na jambo la pili, ambalo methali haikulitaja: mawingu mengi hupita juu ya vichwa vyetu yasinyeshe. Mkulima mwenye busara halidharau wingu, wala hakopi chakula kwa ahadi ya mvua ambayo bado iko angani.

Mwezi huu twapenda tutafakari pamoja swali moja gumu linalofanana na hilo la mawingu. Je, ni haki kumweka mtu chini ya ulinzi, si kwa ajili ya kosa alilolitenda, bali kwa ajili ya kosa ambalo twaogopa kwamba atalitenda? Na kama ni haki, ni haki kwa masharti gani?

Swali hili si la vitabuni tu. Hapa kwetu ipo Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, na pamoja nayo ipo Isanga, mahali penye ulinzi ambapo hutunzwa watu waliotenda makosa mazito, hata kuua, wakiwa wagonjwa wa akili. Wengi wetu tulipokuwa watoto tulitishwa kwa jina la Mirembe kama watoto wanavyotishwa kwa zimwi. Hata leo kijana akifanya upuuzi, wenzake humwambia kwamba yafaa apelekwe huko. Twacheka, kisha twapita. Hatuulizi ni watu gani wamo ndani, wala ni nani anayeamua siku ya kutoka kwao.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yaeleza la kufanya mahakama inapoona kwamba mtu alitenda tendo lile, lakini alikuwa hana akili timamu alipolitenda. Mtu huyo hahukumiwi kama mhalifu mwingine. Huamriwa awekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili, au mahali pengine pa ulinzi panapofaa. Hapo ndipo penye ugumu. Mwizi wa ng'ombe akihukumiwa miaka mitano, aijua siku yake. Aweza kuhesabu miezi kwa mkaa ukutani. Mgonjwa huyu hapewi hesabu. Siku yake ya kutoka hutegemea maoni ya watu juu ya mambo yajayo, kwamba hatamdhuru mtu tena. Mwizi ameshikwa kwa ajili ya jana yake. Mgonjwa ameshikwa kwa ajili ya kesho yake, nayo kesho hakuna aliyewahi kuiona.

Basi, je, madaktari waweza kuijua kesho hiyo? Tutazame kwanza yaliyotokea mahali ambapo watu walikaa wakahesabu.

Katika jimbo la New York, huko Marekani, alikuwapo mtu aliyeitwa Johnnie Baxstrom. Mwaka 1959 alihukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa kosa la kumshambulia mtu. Akiwa gerezani alionekana kuwa ni mgonjwa wa akili, akahamishiwa Dannemora, hospitali ya ulinzi iliyokuwa chini ya idara ya magereza. Kifungo chake kilikwisha Desemba 1961, lakini hakutolewa. Shauri lake lilifika Mahakama ya juu kabisa ya Marekani, nayo mwaka 1966 ikaamua kwamba hakutendewa sawa na raia wengine. Mtu mwingine asingewekwa mahali kama pale pasipo kwanza kusikilizwa, ikaamuliwa kwamba kweli ni mgonjwa wa hatari.

Kwa hukumu hiyo wagonjwa 967 waliokuwa katika hali kama yake, katika hospitali za Dannemora na Matteawan, walihamishiwa hospitali za kawaida. Wote walikuwa wamehesabiwa kuwa ni watu wa hatari, wasiofaa kuwekwa penginepo. Watumishi wa hospitali za kawaida waliingiwa na hofu kubwa. Wataalamu wawili, Henry Steadman na Joseph Cocozza, waliwafuatilia watu hao, wakatoa kitabu chao mwaka 1974. Walikuta kwamba katika miaka minne, kama mtu mmoja katika watano alikuwa amempiga au kumshambulia mtu. Waliohitaji kurudishwa kwenye hospitali ya ulinzi hawakufika hata 30.

Wengine wote walikuwa kama mawingu yasiyonyesha. Walikuwa wamekaa ndani miaka mingi, wengine mpaka mvi zikawatoka. Na kama shauri la mtu mmoja lisingalifika mahakamani, jambo hili lisingalijulikana kamwe.

Tulishike hili vizuri, maana ndilo linalofanya kazi ya kupima hatari kuwa ngumu kwa dhamiri. Kosa la kumtoa mtu wa hatari huonekana na watu wote: kuna kaburi, kuna yatima, kuna habari gazetini, na jina la daktari hutajwa. Lakini kosa la kumzuia mtu asiye wa hatari halionekani na yeyote. Akiwa ndani hawezi kuonyesha kwamba akiwa nje asingemdhuru mtu. Akitulia, husemwa kwamba ametulia kwa sababu ya kuta na dawa. Akikasirika kwa sababu amekaa mno, husemwa, "Mwaona? Bado." Basi daktari anayeogopa lawama huvutwa upande mmoja tu, na anayemvuta ni sisi raia.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili tukasema milango yote ifunguliwe. Huko Uingereza ipo hospitali ya ulinzi iitwayo Broadmoor, iliyofunguliwa mwaka 1863. Mwaka 1962 alipelekwa huko mvulana wa miaka 14, Graham Young, kwa kuwalisha sumu jamaa zake na mwenzake wa shule. Baada ya miaka kama tisa, mwaka 1971, madaktari waliona kwamba amepona, akatolewa. Akapata kazi katika kiwanda kimoja, na wenye kiwanda hawakuambiwa kwamba kijana huyu aliwahi kuwalisha watu sumu. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapelekea wenzake chai. Wawili wakafa, na wengine wakaugua vibaya. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha maisha. Wahenga walionya pia kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Wale wawili waliokufa walikuwa na haki ya kurudi nyumbani kwao jioni kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo tuna makosa ya pande mbili, na kila upande kuna mtu halisi anayeumia. Pengine msomaji atasema, "Basi wapimwe vizuri zaidi." Ni neno jema, nasi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu twapenda sana mambo ya kupima. Lakini tuchukue ubao na chaki tupige hesabu moja.

Tuseme tuna wagonjwa 1,000, na kati yao 50 watamdhuru mtu katika mwaka ujao. Tuseme tena tuna kipimo kizuri, kinachowatambua wanane katika kila kumi wa wale watakaodhuru, na ambacho huwakosea wawili tu katika kila kumi wa wale wasiodhuru. Kipimo hicho kitawanasa 40 katika wale 50, na 10 kitawakosa. Lakini wasiodhuru ni 950, na wawili katika kila kumi ni 190. Basi walioandikiwa "hatari" jumla ni 230, na kati yao watakaodhuru kweli ni 40. Yaani, katika kila watu sita tunaowafungia kwa kipimo hiki kizuri, karibu watano wamefungiwa bure. Sababu ni kwamba jambo lenyewe ni adimu, hata kama aliyepima ni hodari.

Hesabu hii ni ya mfano, lakini zile za kweli hazitupi kiburi. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, John Monahan, alipitia utafiti uliokuwapo wakati ule, akaona kwamba madaktari walipotabiri ukatili, hawakupata zaidi ya mara moja katika tatu. Baadaye vipimo viliboreshwa sana. Mwaka 2012 Seena Fazel na wenzake walikusanya matokeo ya vipimo hivyo kwa watu zaidi ya 24,000. Katika kila watu 100 walioandikwa kuwa na hatari ya kutenda ukatili, ya kadiri au kubwa, 41 walitenda na 59 hawakutenda. Katika kila 100 walioandikwa kuwa na hatari ndogo, 91 hawakutenda. Basi kipimo chaweza kutusaidia sana kujua ni nani aweza kutoka. Kutuambia kwa hakika ni nani lazima abaki, hapo ni dhaifu.

Kuna kipimo kimoja ambacho twapenda kukieleza kwa sababu kina fundisho kwa kila mmoja wetu. Kilitungwa huko Kanada, na toleo la mwaka 1997 hutazama mambo 20. Kumi ni ya wakati uliopita: je, mtu huyu aliwahi kutenda ukatili, alianza akiwa na umri gani, anakunywa pombe au kuvuta dawa za kulevya, aliweza kushika kazi na kuishi na watu? Matano ni ya sasa: je, anautambua ugonjwa wake, bado anasikia sauti, dawa zinamsaidia? Na matano ya mwisho ni ya mahali anapokwenda: je, mipango yake inawezekana, atakutana tena na mambo yanayomchokoza, yuko mtu wa kumsaidia, atafuata matibabu, atapata taabu nyingi kupita kiasi?

Hayo kumi ya kwanza hayabadiliki. Lililopita limepita, na mtu hawezi kulirudia kama mwanafunzi anavyorudia mtihani. Tukimpima kwa hayo peke yake tumemhukumu kifungo cha maisha bila kusema. Yale matano ya pili ni kazi ya daktari na ya mgonjwa mwenyewe. Lakini hebu tuyasome tena yale matano ya mwisho. Mengi yake hayamo ndani ya mgonjwa. Yamo nyumbani kwake, kijijini kwake, kwenye zahanati yake, na kanisani kwake. Yaani, daktari anapoandika kwamba mtu huyu ana hatari, sehemu ya anachokiandika ni habari zetu sisi.

Katika chuo tuliwaambia walimu wanafunzi kwamba katika ripoti ya mtoto wasiandike, "Huyu hatafika mbali." Waandike walichokiona: mtoto hakuleta kazi ya nyumbani mara nane, mtoto husoma vizuri asubuhi, husinzia baada ya saa sita. Anayeandika hivyo humwachia mzazi jambo la kufanya, maana huenda mtoto yule anasinzia kwa njaa. Neno "hatari" lililoandikwa peke yake ni kama lile "hatafika mbali". Yafaa daktari aseme: hatari kwa nani? Ya namna gani? Katika hali gani, na ni nini kitakachoipunguza?

Twajua mfano mmoja karibu nasi. Hatutaji jina wala mahali, maana wahusika ni watu wazima wenye heshima yao. Kijana mmoja, katika ugonjwa wake, alimwua baba yake mdogo. Alikaa chini ya ulinzi miaka mingi. Ulipofika wakati, afisa ustawi wa jamii alikuja kuuliza kama ukoo uko tayari kumpokea. Wazee wakaketi, nasi tukaalikwa kuketi nao. Mzee mmoja alikataa kabisa. Alisema damu haisahauliki. Mwingine alisema kwamba kijana ni wetu, na hana mahali pengine. Wakabishana mpaka jua likageuka. Mwisho yule mjane, ambaye alikuwa ameketi kimya pamoja na akina mama, aliomba ruhusa ya kusema.

"Baba zangu," alisema, "mimi simchukii mtoto huyu. Nilimlea kabla hajaugua. Nauliza neno moja tu. Nani atakuwa akimpa dawa, na zikikosekana, nani ataniambia?"

Wazee hawakuwa na jibu. Tulisikia mengi siku ile juu ya damu, juu ya ukoo, juu ya msamaha. Lakini mama yule peke yake ndiye aliyepima hatari kama inavyopaswa kupimwa. Hakuuliza kama kijana ni mwema au ni mbaya. Aliuliza juu ya dawa, juu ya mtu wa kuangalia, na juu ya kuambiwa ukweli. Shauri likageuka hapo hapo. Iliamuliwa kijana akae kwa mjomba wake katika kijiji cha pili, asikae karibu na nyumba ya mjane. Mjomba ampeleke kila mwezi kituo cha afya kuchomwa sindano. Pombe isiingie nyumba ile. Na kama mwezi ukipita bila sindano, mjomba ampelekee habari mjane kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyeapa kwamba halitatokea jambo. Ila kila mtu alijua sehemu yake.

Twajua wapo watakaosema, "Ni heri watu kumi wakae ndani kuliko mmoja kuuawa." Ni neno la kuheshimiwa, hasa likitoka kinywani mwa aliyefiwa. Lakini tulipime. Kwanza, ukatili mwingi katika vijiji vyetu haufanywi na wagonjwa wa akili. Twajua nyumba ambazo baba akitoka kilabuni Jumamosi, mama na watoto hulala kwa jirani. Wingu lake ni jeusi kuliko la wagonjwa wengi, lakini hatumfungii kabla hajapiga. Na hata akipiga, mara nyingi twasema ni mambo ya nyumbani. Kwa nini hofu yetu imwangukie mgonjwa peke yake? Pili, mgonjwa anayezuiliwa kwa ajili ya usalama wetu, hali mahakama haikumhesabu kuwa mhalifu, analipa gharama kwa ajili yetu. Wale watano katika sita wa ubaoni wanatulipia usalama kwa miaka ya maisha yao. Mtu akikulipia, unawiwa naye. Huwezi kumla mwenzako miaka kumi kisha ukajisifu kwamba umelala salama.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili. Ndiyo, yaweza kuwa haki kumzuia mtu kwa ajili ya hatari, maana uhai wa jirani ni kitu kikubwa, na mambo kama ya Broadmoor yametokea kweli. Lakini ni haki kwa masharti. Apewe matibabu ya kweli, maana kumzuia bila kumtibu ni kumfunga tu. Shauri lake litazamwe tena na tena kwa nyakati zilizopangwa, lisisubiri mtu mwenye huruma alikumbuke. Sababu za kumzuia ziandikwe waziwazi, naye apate kuzijibu, au asemewe na mwingine kama hawezi. Na kazi ya kuonyesha kwamba bado kuna hatari iwe juu ya wanaomzuia, maana yeye hawezi kuthibitisha jambo ambalo halijatokea.

Sharti la mwisho latuhusu sisi. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, imo habari ya mtu aliyekaa makaburini, ambaye hata minyororo haikuweza kumzuia. Twapenda kuisimulia kwa ajili ya nguruwe walioingia ziwani. Lakini liko jambo ambalo twalipita upesi: wenyeji walishikwa na hofu walipomwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Na yeye alipoomba amfuate Bwana Yesu, hakukubaliwa. Aliambiwa aende nyumbani kwao. Labda lilikuwa agizo gumu kwake, na kwa watu wa nyumbani lilikuwa gumu vilevile.

Msamaha ni jambo la moyo, nao hauwezi kuamriwa. Hatumwambii mjane yeyote kwamba ni lazima akae meza moja na aliyemwua mumewe. Lakini yako mambo ambayo hayangoji moyo. Parishi yaweza kujua ni siku gani kituo cha afya kinatoa dawa za wagonjwa wa akili, na ikiwa zimekwisha, kuuliza sababu mpaka jibu lipatikane. Umoja wa Mama waweza kumtembelea mama mwenye mgonjwa nyumbani, ambaye mara nyingi hatembelewi na mtu. Wazee waweza kuwaambia majirani ukweli kwa upole, wasifiche wala wasitangaze sokoni. Vijana waweza kuacha kumwita mtu kwa jina la ugonjwa wake. Na mwenye shamba aweza kumpa kazi ya palizi mtu aliyerudi, akijua alikotoka, na kumlipa sawasawa na wenzake.

Afisa ustawi wa jamii akija tena katika mojawapo ya mitaa yetu kuuliza kama tuko tayari, atakuwa na karatasi mkononi. Katika karatasi hiyo kuna mistari ambayo daktari hawezi kuijaza peke yake. Yafaa Baraza la Parishi liizungumze sasa, kabla hajafika, ili akituuliza nani atampeleka mgonjwa kwenye sindano, tuweze kumtajia mtu.